Siku nne za mwisho za likizo: kushuka Mlima Meru, kumalizia Mwanza. Ratiba hii inakaa?

Binti_wa_Ilemela ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnikagulie ratiba kabla sijalipia chochote.

Nina wageni wanne, ndugu zangu wa Dar. Wawili (miaka 34 na 41) wanapanda Mlima Meru kwa siku nne. Mama, miaka 63, na mtoto wa miaka 9 wanawasubiri Arusha. Wapandaji watafika kileleni Jumanne alfajiri, watashuka siku hiyohiyo kulala kambi ya Miriakamba, na Jumatano mchana watatokea geti la Momella. Likizo inamalizikia huku kwetu. Ndege ya kurudi Dar inaondoka Mwanza Jumapili saa 11 jioni.

Nimepanga hivi. Alhamisi wapande basi Arusha kuja Mwanza. Ijumaa asubuhi kisiwa cha Saanane, mchana makumbusho ya Wasukuma Bujora, jioni machweo kwenye Jiwe la Bismarck. Jumamosi Ukerewe kwa meli, kwenda na kurudi. Jumapili asubuhi kuogelea ziwani, halafu soko la Mwaloni Kirumba kununua dagaa na sato, kisha uwanja wa ndege.

Ninachotaka kujua: basi linafaa kwa watu waliotoka mlimani jana yake? Ukerewe siku moja inatosha? Mtoto anaweza kuogelea wapi? Na sato wabichi wanafikaje Dar bila kuharibika? Mwenye uzoefu asinionee huruma, anirekebishe.

---

Ngazi_za_Mawe:

Dada, ratiba yako ni nzuri kwa mtu ambaye hajapanda mlima. Wapandaji wako itawaumiza Ijumaa.

Piga hesabu ya mita. Kilele cha Meru kiko mita 4,566. Miriakamba iko kama mita 2,500, na geti la Momella liko kama 1,500. Maana yake Jumanne peke yake wanashuka zaidi ya mita 2,000, na Jumatano wanashuka nyingine 1,000. Kupanda kunamaliza pumzi, ila kinachoharibu misuli ni kushuka, kwa sababu paja linafanya kazi ya breki: linavutwa huku limekaza. Maumivu ya namna hiyo hayaji siku ileile. Yanaanza baada ya nusu siku au siku moja, na yanakuwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72. Kwa ratiba yako Alhamisi na Ijumaa ndizo siku mbaya, na wewe Ijumaa umewawekea Saanane, kisiwa ambacho karibu kila njia yake ni mawe ya kupanda na kuteremka. Mtu mwenye mapaja yaliyokaza hushindwa kuteremka ngazi tatu za nyumba, sembuse mwamba.

Peleka Saanane Jumamosi asubuhi, Ijumaa waachie mambo ya kukaa na kutembea tambarare. Bujora inafaa Ijumaa. Iko Kisesa, barabara ya Musoma, karibu kilomita 20 kutoka mjini. Mnashuka Kisesa kwenye lami, mnamalizia kwa bajaji. Pale mnatembea kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa mwendo wenu: ngoma za watawala wa Kisukuma, nyumba za asili, jengo lenye umbo la kiti cha enzi, habari za vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Ombeni mwongozaji na mtenge saa mbili. Bila mwongozaji mtaona vitu na hamtaelewa kwa nini viko vile. Kama safari yao inaangukia mwezi wa sita, ulizia siku za Bulabo, ngoma za mashindano zinazofuata sikukuu ya Ekaristi. Siku hizo Bujora haina mfano.

Saanane yenyewe ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu, nayo ikijumuisha maji yanayoizunguka. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa 2013. Boti inatoka upande wa mtaa wa Capri Point na ni safari ya dakika chache. Malipo yanapita kwenye mfumo wa serikali kwa namba ya malipo, kwa hiyo wawe na salio kwenye simu au kadi, wasitegemee noti mfukoni. Waingie saa 2 asubuhi. Kuanzia saa 5 mwamba unakuwa umeshika joto, nyayo za viatu vyepesi zinaungua, na pimbi na swala wanajificha kivulini. Mama asilazimishwe kufika juu ya jiwe la kutazamia mji. Chini kuna kivuli na pa kukaa, na ndege wa majini wanaonekana vizuri kutokea hapohapo.

Kuhusu miguu, mambo machache yasisubiri Mwanza. Kucha za vidole vya miguu zikatwe siku mbili kabla ya kupanda, maana kwenye mteremko kidole kinagonga mbele ya kiatu maelfu ya mara na kucha ndefu inang'oka au inakuwa nyeusi. Lengelenge ambalo halijapasuka liachwe na ngozi yake, lifunikwe tu. Jioni ya Jumatano wale chumvi na maji ya kutosha kabla ya kufikiria dawa. Vidonge vya jamii ya ibuprofeni kwa mtu aliyeishiwa maji vinaumiza figo, parasetamoli inatosha. Na waje na kandambili au makubazi mapana ya safari, kwa sababu mguu ukivimba kiatu cha mlimani hakivaliki.

---

Msafiri_wa_Nzega:

Nijibu la basi. Linafaa, ila wajue wanachoingia.

Njia ya kawaida ni Arusha, Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza. Ni zaidi ya kilomita 700, lami mwanzo hadi mwisho. Mabasi yanaondoka alfajiri na mnashuka Nyegezi jioni au usiku, ikitegemea mizani na matengenezo ya njiani. Kituo cha Nyegezi kiko kusini mwa jiji, siyo katikati, na watu wa Ilemela bado wana safari nyingine mbele. Panga usafiri wa kuwapokea mapema. Mkiwa na mabegi manne ya mlimani bajaji moja haitoshi.

Kuna mabasi yanayopita Ngorongoro na Serengeti. Watu wanayachagua wakidhani watatalii bure. Siyo bure: kila abiria analipia kupita hifadhini, mgeni wa nje analipa mara nyingi ya anacholipa raia, na basi halisimami kwa ajili ya wanyama. Vumbi lake mtalikuta ndani ya begi. Kwa watu waliotoka mlimani na mama wa miaka 63, njia ya Singida ni bora.

Ndani ya basi: waliopanda mlima wakae viti vya kando ya njia, siyo dirishani, ili waweze kunyoosha goti moja. Kila kituo washuke, hata kama hawana haja ya choo. Babati, Singida, Nzega na Shinyanga watembee dakika tano kuzunguka basi. Wakiwa wamekaa wanyanyue visigino na kuvishusha mara ishirini kila baada ya nusu saa. Siyo suala la raha tu. Damu ya mguu uliovimba ikikaa saa kumi na mbili bila kusukumwa inaweza kuganda. Alama yake ni shavu la mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake, kuwa la moto na kuuma likibonyezwa. Hapo hakuna kukanda kwa mafuta wala maji ya moto, ni kwenda hospitali usiku huohuo. Maumivu ya kawaida ya mlima yanakuwa pande zote mbili sawasawa.

Ndege nayo ina masharti yake. Uwanja wa Kilimanjaro uko kama kilomita 50 kutoka Arusha, na tiketi nyingi za kuja Mwanza zinapitia Dar. Angalia tiketi vizuri usije ukawalipia wageni wa Dar wapite kwao, wabadilishe ndege, ndipo waje huku. Zile ndege ndogo za kitalii zinazotua hifadhini huruhusu kilo 15 kwa mtu, begi laini lisilo na fremu. Begi la mlimani lenye viatu na koti peke yake linakaribia hapo.

---

Gati_la_Kaskazini:

Ukerewe kwenda na kurudi siku moja, tena siku moja kabla ya ndege, uiondoe. Naisema kwa upendo kwa sababu Ukerewe ni kisiwa kinachostahili kuheshimiwa kwa kulala.

Meli ya kawaida kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini hadi Nansio, bandari ya Ukerewe, inachukua zaidi ya saa tatu. Kwenda na kurudi ni saa saba za kukaa melini. Unachobakiza kisiwani ni muda wa kula na kuangalia saa. Boti za mwendo kasi zinapunguza muda, ila hazikuondolei tatizo la msingi: ratiba ya kurudi siyo yako. Chombo kikipata hitilafu au hali ya hewa ikifunga, njia ya pili ni kuvuka kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, kisha Bunda, kisha barabara ya Musoma kurudi Mwanza. Hiyo inakula nusu siku nzuri, na kivuko nacho kina saa zake. Kanuni ya ziwani ni kuacha siku moja nzima ya nchi kavu kati ya safari ya maji na ndege.

Sasa, wageni wanataka kuionja bandari. Wapeleke kivuko cha Kamanga Ijumaa. Gati lake liko katikati ya mji, jirani na Jiwe la Bismarck. Mnakata tiketi ya mtembea kwa miguu, mnavuka ghuba hadi upande wa Sengerema kwa takriban nusu saa, mnanunua mahindi ya kuchoma, mnarudi. Kwa nauli ndogo wanaona jiji lote kutoka majini: nyumba zilizobandikwa mlimani juu ya mawe, hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, Capri Point, Saanane kwa mbali, na Jiwe la Bismarck kwa upande ambao wa nchi kavu hawaupati. Mama mwenye magoti atakaa kwenye benchi mwendo wote.

Mwende asubuhi. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na asubuhi maji yametulia. Ardhi ikishika moto mchana upepo unageuka, unatoka ziwani kuja mjini, na kuanzia saa 8 mawimbi yanaonekana. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini unaongeza ukali wa mchana. Miezi ya mvua tatizo ni jingine: radi na dhoruba za ziwani hupenda usiku wa manane hadi alfajiri, kwa hiyo utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa uangaliwe jioni iliyotangulia, na tena kabla ya kutoka nyumbani.

Mambo ya kutazama kabla hamjapanda chombo chochote ziwani. Jaketi okozi lionekane, siyo liwe limefungiwa stoo. La mtoto liwe la mtoto, kwa sababu la mtu mzima linampanda hadi kichwani na anatokea chini yake. Mkanda wa chini au wa kati ya miguu ufungwe. Idadi ya abiria iliyoidhinishwa imeandikwa kwenye chombo, isomeni, na kama watu wanaendelea kuingia baada ya viti kujaa, shukeni. Tiketi iwe na jina la kila mtu, mtoto naye. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikiwa imekaribia Mwanza. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 ikiwa inakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Vyote viwili vilikuwa na watu kupita kiasi, na vyote viwili vilikuwa vimebakiza mwendo mfupi. Kwa hiyo umbali mfupi usiwafanye mlegeze chochote.

Na picha: bandari, meli za serikali na eneo la ukaguzi siyo mahali pa kupiga picha bila ruhusa. Wageni wapige wakiwa wameshaondoka gatini, waelekeze kamera ziwani na milimani.

Kwa machweo, jua la Mwanza linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika kumi kutegemea mwezi, kama robo saa baada ya Arusha. Wageni waliozoea saa za Arusha wanafika mapema, wanachoka, wanaondoka kabla ya rangi yenyewe. Wafike saa 12 kasorobo wachague pa kukaa.

---

Binti_wa_Ilemela:

Asanteni sana, mmenitoa gizani. Ukerewe nimeifuta. Jumamosi mchana imebaki wazi. Na bado sijajibiwa kuogelea na samaki.

---

Nesi_wa_Nyamagana:

Dada, la kuogelea nalijibu kwa ukali kidogo kwa sababu kuna mtoto.

Ufukwe wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza una kichocho, hasa kichocho cha tumbo. Konokono wadogo wanaishi pembeni mwa maji, kwenye matete, magugu maji na mawe yenye ukoka. Wanatoa viluwiluwi visivyoonekana kwa jicho, vinavyopenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa 4 hadi mchana wa saa 8, yaani saa zilezile watu wanazoogelea. Maji kuonekana meupe na mchanga kuwa safi siyo kinga. Kukoga kwa maji ya bombani baada ya hapo hakuondoi kilichokwisha kupenya. Kujifuta taulo kwa nguvu papo hapo kunapunguza, hakumalizi.

Mtoto aogelee kwenye bwawa la hoteli. Hoteli kadhaa za Capri Point na mjini zinaruhusu wasio wageni wake kwa malipo, piga simu kwanza. Kwenye ufukwe acheze mchangani. Tena baadhi ya ghuba zina viboko na mamba, na wenyeji wa pale ndio wanaojua ni zipi, waulizwe.

Ikitokea ameingia majini, msikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaiacha. Apimwe na kutibiwa wiki sita hadi nane baadaye, huko Dar, kwa kipimo kinachofuata uzito wake. Kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo. Andika tarehe aliyoingia majini na umpe mama yake. Akipata homa, vipele vya kuwasha au kikohozi kabla ya wiki hizo, daktari aambiwe wazi kwamba mtoto aliingia Ziwa Victoria. Neno hilo moja linaokoa vipimo vingi.

Malaria pia. Mlimani kulikuwa na baridi na watu wamesahau neti, wanashuka Mwanza na kukaa nje machweo na kaptula. Nguo ndefu kuanzia saa 12 jioni, dawa ya kupaka, neti iliyochomekwa chini ya godoro. Vimelea vya malaria vinahitaji angalau siku saba mwilini kabla ya homa. Basi, homa ya Jumamosi haikutokana na mbu wa Alhamisi, tafuteni chanzo kingine, huenda hata mbu wa kabla ya kuja Mwanza. Homa ya wiki moja hadi wiki kadhaa baada ya kufika Dar nayo ipimwe malaria siku hiyohiyo.

Kwa wapandaji: kichwa na kichefuchefu cha mlimani vinapaswa kuwa vimekwisha wakifika Momella. Mtu anayehema kwa shida akiwa amekaa, au anakohoa povu, asipandishwe basi. Ahudumiwe Arusha.

---

Mchuuzi_wa_Mwaloni:

Zamu ya samaki. Kosa la ratiba yako ni kununua vyote Jumapili. Dagaa Jumapili ni sawa, sato siyo.

Sato wanunuliwe Ijumaa asubuhi, mapema. Jicho liwe limejaa na kung'aa, matamvua mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Chini ya sentimita 25 msichukue. Hao ni chini ya kipimo kinachoruhusiwa na mnaua uzazi wa kesho. Watolewe magamba, matumbo na matamvua palepale, muoshe kwa maji safi, mkaushe kwa kitambaa kabla ya kuwaingiza kwenye friza. Maji yaliyobaki juu yanakuwa barafu, na barafu hiyo ndiyo inayovuja ndani ya ndege. Wapangeni mmojammoja, bapa, wasibebane, hadi wawe wagumu. Ndipo mnaweza kuwarundika. Friza ya nyumbani ikipewa kilo kumi kwa mkupuo inachukua siku nzima na zaidi, ndiyo maana nasema Ijumaa. Mkileta Jumamosi jioni, nje watakuwa jiwe na ndani maji.

Jumapili saa 7 mchana ndipo mnafunga. Kila samaki gazeti mara nne, kisha mfuko mzito wa vyakula uliobanwa, kisha boksi la povu jeupe lenye mfuniko. Boksi lijae. Nafasi tupu ni hewa ya joto, kama imebaki jazeni magazeti. Msitie barafu, hata kidogo. Samaki wenyewe ndio barafu. Selotepu pana izungushwe kwenye ukingo wa mfuniko mara tatu, halafu boksi la karatasi kwa nje. Kwa kufunga hivyo, kutoka Ilemela hadi nyumbani Dar, ndege ikiwa ya saa moja na nusu na kusubiri kukiwemo, samaki wanafika wangali wagumu. Shirika lenu la ndege mlipigie Ijumaa mkaulize masharti ya samaki na uzito. Boksi likionekana kulowa kaunta lina haki ya kukataliwa.

Dagaa sasa. Mwaloni Kirumba uko kwenye njia ya uwanja wa ndege, Kirumba, Pasiansi, uwanjani. Wala hamtageuza njia. Nendeni asubuhi hata hivyo, mchana jua na watu vinakuwa vingi. Bei inafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa hawakusanyiki kwenye taa na wavuvi wengi wanapumzika. Likizo ikiangukia siku baada ya giza, mzigo ni mwingi na mpya. Ikiangukia baada ya mbalamwezi, mtauziwa wa zamani kwa bei ya juu.

Waulizeni wameanikwa wapi. Wa kwenye chanja ni safi na ni ghali kidogo, wa kwenye mchanga wana mchanga. Msimwamini mtu kwa neno: chukueni konzi moja, tieni kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika moja, angalia chini ya glasi. Dagaa mzuri anang'aa fedha, ukimkunja anavunjika kwa mlio. Mwenye rangi ya manjano mafuta yake yamechacha, mara nyingi alinyeshewa au alikauka polepole, na hata mkaange vipi uchungu hautoki. Mnapimiwa kwa sado au debe. Muwaambie wasishindilie kwa mkono juu halafu chini kukiwa na chenga. Sehemu ya chini ya gunia imiminwe muione.

Kufunga: vichwa vya dagaa vinatoboa mfuko mwembamba, na harufu ikishaingia kwenye nguo za begi haitoki. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana ndiyo dawa. Ndani gazeti, halafu dagaa, halafu gazeti, selotepu kwenye ukingo wa mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, msiitafute sokoni. Wakifika Dar wawaanike jua la saa mbili kabla ya kuwahifadhi, hewa ya pwani ina unyevu na ukungu unaanza ndani ya wiki.

Mabondo ya sangara, yaani vibofu vyake vya hewa, wasinunue kwa mtu wa njiani hata akiwaambia ni zawadi. Ile ni biashara ya leseni, na uwanja wa ndege wanaikagua. Kama wanataka zawadi ya Usukumani isiyonuka, wachukue michembe na matobolwa: viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kwanza vikiwa vibichi na vya pili vikiwa vimechemshwa. Havivuji na watoto wanavipenda.

---

Ngazi_za_Mawe:

Jumamosi mchana iliyobaki wazi, baada ya Saanane, ningewapeleka daraja la Kigongo–Busisi, linaloitwa Daraja la J.P. Magufuli. Limefunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 juu ya ghuba. Zamani hapo mlikuwa mnasubiri kivuko. Sasa mnavuka kwa dakika chache na kurudi kabla ya giza. Barabara ni ya Usagara. Msisimamishe gari katikati ya daraja kwa ajili ya picha. Ila kama mama amechoka, acheni alale. Siku ya mwisho ya likizo isiyo na kulala mchana inalipiwa Jumatatu kazini.

---

Binti_wa_Ilemela:

Nimeipanga upya: Alhamisi basi njia ya Singida. Ijumaa sato alfajiri, Kamanga asubuhi, Bujora mchana, Bismarck jioni. Jumamosi Saanane saa 2, mchana bwawa la kuogelea kwa mtoto, daraja wakiwa na nguvu. Jumapili dagaa asubuhi, kufunga saa 7, uwanjani saa 9. Swali la mwisho: viatu vyao vitakuja vimelowa na tope la Meru. Nivikaushe vipi visinuke ndani ya siku mbili, na fimbo za kutembelea wanaingia nazo ndani ya ndege?

---

Ngazi_za_Mawe:

Kwanza wahakikishe ni vyao. Vilivyokodishwa, pamoja na fimbo na mifuko ya kulalia, virudishwe Arusha Jumatano, visije Mwanza.

Viatu: toa kamba na soli ya ndani, sugua tope kwa brashi na maji baridi bila sabuni ya unga. Jaza magazeti makavu hadi kwenye vidole, weka kivulini penye upepo, badilisha magazeti baada ya saa mbili za kwanza, kisha asubuhi na jioni. Usiviweke juani kwenye jiwe wala karibu na jiko. Gundi ya soli inalainika na safari ijayo soli inabanduka mlimani. Soli za ndani ndizo zenye harufu, zifuliwe kwa sabuni ya kipande na zianikwe peke yake.

Fimbo ziende kwenye mzigo wa chini, zimefupishwa, ncha zimefunikwa kwa kizibo au kitambaa. Mitungi ya gesi ya jiko la kambini haipandi ndege kabisa, hata ikiwa imeisha. Wakiiona kwenye begi Jumatano, iachwe Momella.